Kofia Haivaliwi Jikoni

Gari la kampuni lilikuja tena asubuhi kunipigia honi, na kama kawaida yake halikuwa na mtu ndani. Nimeshawaambia watu wa Taswira Hai kwamba mimi siitiki honi ya gari lisilo na dereva. Anayenitaka ashuke, apige hodi, asalimie, akae apewe maji, ndipo aseme shida yake. Hawasikii. Gari likasimama mbele ya geti langu hapa Bigwa, likawa linasema kwa sauti ya msichana mwenye mafua, "Mama Mloka, unasubiriwa studio. Mama Mloka, unasubiriwa studio." Nikaendelea kuchambua mchele wangu mpaka majirani wakatoka nje kuangalia kuna nini.

Baadaye wakapata akili, wakamtuma Nuhu. Huyu Nuhu Sekwao ndiye injinia anayekiangalia Kivuli cha marehemu mume wangu. Ni kijana mwenye adabu, ila kazi aliyoichagua ndiyo inayonikera. Alisimama mlangoni, viatu ameshavua.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Sitaki."

"Sijasema kitu bado, Mama."

"Utasema. Nakujibu mapema usipoteze siku yako."

Akakaa kwenye kigoda na kuinamisha kichwa. "Mzee amegoma. Filamu haimalizi. Kila tukifika ile sehemu anatengeneza muziki, anaufuta, anatengeneza mwingine, halafu anakuulizia wewe, Mama Koleta yuko wapi."

"Mzee nimemzika. Na wewe ulikuwepo, ukala pilau ukaongeza."

"Namaanisha Kivuli, Mama."

"Basi sema Kivuli."

Bonaventura Mloka hahitaji kutambulishwa, lakini nitamtambulisha, maana wanaoandika habari zake siku hizi wanamfanya malaika. Alikuwa mtoto wa mpiga tarumbeta wa bendi ya kiwanda cha sukari. Nota alifundishwa na mapadri, na upadri wenyewe aliukataa kwa ajili yangu, ndivyo alivyopenda kuwasimulia waandishi. Ukweli ni kwamba alikataa kwa sababu hakupenda kuamka alfajiri. Alitunga muziki wa filamu nyingi kuliko alizoweza kuzikumbuka. Ule mluzi ambao watoto wanaupiga wakitoka shule ni wake. Zile tarumbeta mbili zinazosikika katika kila kazi yake, moja ikienda mbele na nyingine ikihema nyuma kama mtu anayepanda Uluguru na mzigo, watu wameziandikia vitabu vizima. Mimi aliniambia tu kwamba ile ya nyuma ni baba yake, aliyekuwa na pumu.

Karibu maisha yake yote ya kazi alivaa kofia ya kampuni. Ni kofia laini yenye nyuzi nyembamba ndani, inayonasa muziki ukiwa bado kichwani, kabla mkono haujaandika. Zamani ilikuwa kitu cha ajabu. Sasa kila mwenye kipaji anavalishwa. Mtu akifa, yaliyonaswa yanaunganishwa, kinapatikana Kivuli, na Kivuli kinaendelea na kazi. Ndiyo maana yule mtangazaji wa mpira aliyefariki bado anatangaza, na mapumziko yakifika yeye hanyamazi, anautangaza uwanja mtupu. Dodoma kuna hoteli yenye Kivuli cha mpishi, kinaongeza viungo mpaka sufuria linafurika. Watu wanacheka na kusema hiyo ni hitilafu ndogo. Sheria ya Vivuli inasema Kivuli kitafungwa siku kitakapotamka chenyewe kwamba kimemaliza. Hakijatokea hata kimoja kilichotamka hivyo, na wenye makampuni wanalala usingizi mnono.

Kilichonitoa nyumbani ni jina lake. Hiyo filamu inaitwa "Sare", na aliipenda kuliko zote. Alifariki akiwa ameifikisha katikati, kalamu iko sikioni. Sikutaka watu waende kuiona wakatoka wakisema Mloka mwishoni alichoka.

"Nitakuja," nikamwambia Nuhu. "Lakini hilo gari lisiniongeleshe njiani."

*

Studio walinipokea kama wanavyompokea waziri, na hilo nalo likaniudhi. Bwana Projestus Kaiza, mkurugenzi wao, mtu mrefu anayecheka kabla hujamaliza kusema, alinishika mkono kwa mikono yake miwili akaniketisha mbele ya ukuta. Ukuta ukawaka picha.

Nilimwona mama amesimama mezani, anapiga pasi sare ya shule ya mwanawe. Mtoto amechukuliwa na mto, na sare hiyo ndiyo atakayozikwa nayo. Hakuna anayesema neno. Mama ananyunyiza maji kwa vidole, anapitisha pasi ya mkaa, anainyoosha kola, anairudia kola ileile iliyokwisha kunyooka.

Sasa sikiliza walichoweka hapo. Fidla zilianza kulia kabla mama mwenyewe hajalia. Ikaingia kwaya. Zikaingia tarumbeta mbili, nzuri kabisa, kila moja ukiisikiliza peke yake utasema ah. Marimba zikafuata, halafu ngoma, na vyote vikapanda juu pamoja mpaka yule mama nikawa simwoni tena, naona muziki mtupu.

"Zimeni!" nikapiga kelele. "Zimeni jamani, mnamfanya nini huyu mama?"

Wakazima. Kikasikika kikohozi kidogo, kile cha mtu anayetaka kuuliza jambo na anaogopa jibu.

"Mama Koleta?"

Ilikuwa sauti yake. Nilishika ukingo wa kiti. Tangu afariki nimekuwa na hasira, na hasira hiyo imenisaidia sana, imenipikia na kunifulia. Pale ikaniacha peke yangu, nikatamani kumwita jina lake mbele za watu.

"Umefanya nini hapo?" nikauliza badala yake.

"Umesikia? Si kizuri?"

"Kibaya."

"Kibaya wapi?"

Nuhu aliruka kwenye kiti chake. Alinong'ona kwamba tangu wakiwashe Kivuli hakijawahi kumuuliza mtu swali la namna hiyo. Projestus akaninyooshea mikono kama anayembembeleza mtoto ale. "Endelea, Mama. Mwambie kibaya wapi." Wote walikuwa wameniinamia, mafundi wengine wameacha kazi zao wakaja kusimama mlangoni. Nikafunga mdomo. Mimi na mume wangu hatukuwahi kugombana mbele ya watu, na sikuona sababu ya kuanza ujane ukiwa bado mbichi.

"Nuhu," nikasema, "ile kofia ilikuwa inanasa wakati gani?"

"Wakati wote, Mama. Kila alipokuwa ameivaa."

"Na alipokuja jikoni kwangu?"

Akanitazama bila kuelewa. Nikalazimika kuwaeleza watu wenye shahada zao jambo ambalo hata fundi bomba wangu analijua: nyumbani kwangu kofia haivaliwi jikoni wala mezani. Hivyo ndivyo nilivyolelewa. Askofu alikuja akavua yake, mkuu wa mkoa akavua yake, na mume wangu hakuwa mkubwa kuliko hao. Pale mlangoni kuna msumari. Alikuwa akitunga kwenye chumba cha nyuma, akishajaza nota mpaka kichwa kinamuuma anatoka na picha ya filamu kwenye kioo mkononi, anatundika kofia msumarini, anakaa mezani, nami nikiwa napika tunagombana. Naiangalia ile picha, nasikiliza alichoweka, namwambia hapa ondoa, hapa punguza, hapa acha kabisa. Yeye anafoka. Chakula kikiiva tumeshaelewana. Anakula, anarudi chumbani, anafuta. Ndivyo tulivyofanya tangu tukiwa na chumba kimoja cha kupanga na sufuria moja.

"Kwa hiyo kila alichoamua kuweka," Nuhu akasema polepole, "kofia ilikinasa."

"Na kila alichoamua kuacha kiliamuliwa kofia ikiwa msumarini."

Nuhu aliketi chini sakafuni, suruali yake nyeupe asiijali. "Hata kumaliza," akasema. "Mtu akimaliza kazi, anavua. Yule mtangazaji alivua kila mapumziko. Mpishi alivua kabla ya kuonja na wenzake. Mama, hakuna Kivuli hata kimoja kinachojua kuacha. Hatujawahi kuwanasa watu wakiacha."

Nilidhani Projestus atasikitika. Alipiga makofi. "Basi ni rahisi!" akasema. "Tunaye Mama!"

*

Niliwapa sharti moja. Kama ni kugombana, tutagombana jikoni kwangu. Nuhu akaja na kipaza sauti cha ukubwa wa bakuli, akakiweka mezani pale Baba Koleta alipokuwa akikaa, akaomba msamaha kwa kukiweka pale, nikamwambia hapo hapo panafaa. Picha akaitundika ukutani juu ya mapipa ya unga. Yeye mwenyewe akakaa kibarazani, kwa heshima, ingawa nilijua masikio yapo ndani.

Nikabandika kunde. Nikatia chumvi. Nikamwambia, "Haya, piga."

Alipiga kile alichopiga studio, kwaya na fidla na kila kitu. Sikugeuka kutoka kwenye jiko.

"Nani analia hapo?" nikauliza.

"Mama mtoto."

"Hapana. Unalia wewe. Yeye anapiga pasi."

"Mama Koleta, wewe hujui muziki."

"Muziki sijui. Masikio ninayo, na wewe una maringo."

Kikohozi. Jamani, nilikuwa nikitabasamu ndani ya sufuria. Nilijua ni kisanduku. Nilijua waya unapita chini ya meza mpaka kibarazani. Lakini ulimi haukujua. Ulimi ulikuwa umekaa kimya tangu msiba na sasa umepata mwenzake. Tulipigana kama zamani. Alisema mimi ningeachiwa filamu zote zingekuwa za mabubu. Nikamwambia yeye angeachiwa angeweka tarumbeta hata kwenye kikombe cha chai. Akasema watazamaji wanahitaji kuongozwa. Nikamwambia watazamaji wana mama zao nyumbani, wanajua mama akinyamaza maana yake nini.

"Hapa acha," nikasema mwishowe.

Yeye huwa hakubali mara moja. Kwanza alikasirika, akasema afadhali afute filamu nzima. Kisha akaomba: fidla tu, kwa chini, chini kabisa, kama hazipo.

"Kama hazipo, zisiwepo."

"Basi hata filimbi, Mama Koleta. Filimbi moja."

"Hata filimbi."

Ukuta ukaanza picha upya. Yule mama akachovya vidole katika maji. Maji yakaanguka juu ya nguo na pasi ikapita juu yake, *shii*, ikarudi, *shii*, na hakukuwa na kitu kingine duniani isipokuwa hiyo pasi na pumzi ya huyo mama. Alipoirudia kola iliyokwisha kunyooka, nililia, na sikujificha. Kule kibarazani Nuhu naye alikuwa akivuta kamasi.

"Umeona?" nikasema.

"Nimeona," Kivuli kikajibu. Na baada ya kidogo, kwa ile sauti yake ya kununa: "Pasi inatosha."

*

Kama mambo yangeishia hapo ningekuwa mtu wa furaha na nisingekuwa na la kusimulia. Wiki iliyofuata gari lisilo na adabu likaja tena. Walikuwa wamekipa Kivuli filamu nyingine, kichekesho cha harusi, kikajaza muziki hadi kwenye kucha za bibi harusi, kikasimama, kikaniita. Hakikuwa kimejifunza kuacha. Kilichojifunza ni kwamba kuacha kunatoka kwa Mama Koleta.

Safari hii Projestus alikuja mwenyewe. Alipiga hodi, alikunywa maji, alisifia maua. Kisha akaweka mezani kisanduku cha mbao kizuri, akakifungua. Ndani mlikuwa na kofia mpya ya nyuzi. Walikuwa wamenishonea kwa kitambaa cha kitenge, cha rangi ninayoipenda. Nani aliwaambia rangi ninayoipenda sijui.

"Mama, wewe ni mtu mzima," akaanza.

"Mzee. Sema mzee, hainiui."

"Tunafikiri ya mbele. Ukiivaa hii miezi michache, mkawa mnagombana naye hapa hapa jikoni, siku Mungu atakapokuita nawe utakuwa na Kivuli chako. Tutawaweka pamoja. Yeye anatunga, wewe unamkatalia. Milele, Mama. Hamtaachana tena."

Nilikuwa natafuta tusi linalomfaa, na nililipata, lakini halikutoka. Kilichoniudhi kuliko yote aliyosema ni kwamba nilitaka. Mtu anakuja nyumbani kwako akiwa na mawazo yake ya biashara, anataja bila kujua kitu pekee unachokiomba kila ukitandika kitanda upande mmoja. Nikamwambia aiache kofia, nitafikiri. Alipoondoka niliitundika kwenye msumari, kwa sababu kofia jikoni kwangu hukaa hapo.

Ikakaa hapo, nami nikawa napita chini yake nikienda na kurudi. Nilimpigia simu Koleta wangu, aliyeko Mwanza, nikamweleza. Alikohoa kidogo, akafanana na baba yake, kisha akauliza, "Na mimi nikija likizo, Mama, nitamsalimia nani? Wewe au kisanduku?" Nikamwambia hilo si jibu. Akasema anajua si jibu.

Nilifikiri mengi. Nilifikiria vijana wanaotunga muziki, waliofundishwa na Baba Koleta mwenyewe, ambao sasa wanapiga kwenye harusi na mahafali kwa kuwa kampuni inaye Baba Koleta asiyeumwa wala kuzeeka. Nilifikiri kwamba Kivuli kikifungwa hakifunguliwi tena, na kwamba hiyo itakuwa kumzika mtu mara ya pili, safari hii kwa mkono wangu. Sijui kama kinaumia. Bungeni wamebishana wameshindwa kuelewana, nitajua mimi? Ninachojua ni kwamba kilikuwa kinauliza, na anayeuliza anangoja.

Nikiwa bado nafikiri, kunde zikaungua. Nilikimbia kuziepua, na nikiwa nimeshika sufuria kwa kanga, moshi umejaa macho, nikaelewa kitu kilichokuwa kikinisumbua. Raha ya ugomvi wetu ilikuwa ni kwamba chakula kinaiva. Kikiiva tunaacha. Tunakula, mmoja ananuna, asubuhi mmoja anamletea mwenzake chai bila kusema samahani, yamekwisha. Huko wanakotaka kutuweka hakuna sufuria. Tutagombana na hakuna kitakachoiva.

Nikamwambia Nuhu alete kile kipaza sauti.

*

Projestus naye alikuja, akidhani nimekubali. Alileta na mpiga picha. Nilimrudisha mpiga picha getini, Projestus nikamwacha asimame karibu na friji, lakini kofia ya kitambaa aliyokuja nayo kichwani nilimwambia aivue.

"Mama Koleta," Kivuli kikaanza mara tu kilipowashwa, "hii ya harusi nimekwama. Nimeweka tarumbeta pale bwana harusi anapoteleza. Njoo usikie."

"Sitaki kusikia."

"Hata hujasikia!"

"Baba Koleta." Nilivuta kiti nikakaa. Sikuwahi kukaa tukigombana, siku zote nilikuwa nimesimama mbele ya jiko. "Ile 'Sare' umeimaliza?"

"Bado mwisho. Pale majina yanapopita."

"Na baada ya hapo?"

"Kuna hii ya harusi. Kuna ya polisi. Wamenipa na ya katuni."

"Na baada ya hizo?"

Kikohozi. "Kwa nini unaniuliza hivyo?"

"Kwa sababu nimekusikiliza maisha yangu yote, na najua pa kusimama." Niliweka mkono mezani, karibu na kipaza sauti. "Hapa acha."

Projestus akasogea. Nuhu alinyoosha mkono kumzuia, na kijana yule mpole hakuushusha.

Kivuli kilikasirika kwanza, kama ilivyo desturi yake. Kikasema mimi hujifanya hakimu. Kikasema kina tarumbeta kichwani ambazo bado hazijapigwa, nani atazipiga?

"Umefundisha watu," nikasema. "Waache wapige. Watakosea, na wake zao watawaambia."

Ndipo kikaomba. Kikasema hakitasumbua mtu. Kitatunga kwa chini, chini kabisa, kama hakipo.

Hapo ndipo nilikaribia kushindwa. Nilitazama mlangoni ile kofia ya kitenge. Mkono wangu ungeifikia bila mimi kuinuka.

"Kama hupo," nikasema, "usiwepo."

"Basi hata wimbo mmoja, Mama Koleta. Mmoja."

"Mmoja unao. Majina yanapopita. Weka kitu kidogo, watu wapate kuinuka."

Hilo nalo lilikuwa neno letu la zamani. Yeye alipenda kumaliza kwa vishindo, nami nilimwambia watu wamekaa muda mrefu, wana miguu iliyokufa ganzi na watoto waliolala mapajani, wape kitu cha kuinukia. Nilisikia friji ikinguruma nyuma ya Projestus. Halafu Kivuli kikapiga. Kilikuwa kifupi kweli, na sikusema kitu, na kutosema kwangu yeye anajua maana yake.

"Nimemaliza," akasema.

Nuhu aliinamisha kichwa. Kwenye kioo cha mashine yake herufi zilibadilika rangi, maana mashine imetengenezwa kulisikiliza neno hilo hata kama hakuna aliyetarajia kulisikia.

"Hapana!" Projestus akapaza sauti. "Umekifundisha! Hilo si neno lake, umekitia wewe mdomoni!"

"Bwana Projestus, mimi nimegombana na mume wangu jikoni kwangu. Kama kuna sheria inayokataza, nilistahili kufungwa zamani sana."

"Mama Koleta," sauti ikaniita tena, na sasa ilikuwa kama ya mtu aliyekwisha kusimama mlangoni. "Hii kofia niiweke wapi?"

Kivuli hakikuwahi kuivua. Kila alichokijua yule aliyekuwa mezani kilinaswa kofia ikiwa kichwani, hajui hata msumari uko upande gani.

"Mlangoni, mume wangu. Kuna msumari. Itundike hapo."

Nuhu alingoja, akangoja, kisha akauchomoa waya taratibu kama anayemfunika mtu shuka.

*

"Sare" ilionyeshwa katika ukumbi wa mji, hapa hapa Morogoro. Projestus alikuwepo na alinipita bila salamu. Kampuni imefungua kesi, na wakili wao anasema jiko langu lichukuliwe kuwa mahali pa kazi. Waje walipime. Nuhu ameacha kazi. Ananiletea mkaa na anajifunza marimba, na anapiga vibaya.

Ile kofia ya kitenge niliwarudishia kupitia lile gari lao. Niliifunga mkanda kwenye kiti cha mbele, gari likaniambia asante Mama Mloka, na kwa mara ya kwanza nikaliitikia.

Ukumbini nilikaa katikati ya watu nisiowajua. Ilipofika ile sehemu, nilijua kabla ya wengine, nikashika mkoba. Mama akachovya vidole. *Shii.* Nilimsikia mtu nyuma yangu akimeza mate. Mwanamke mmoja pembeni alianza kulia kwa sauti na hakuna aliyemwambia anyamaze. Hakuna fidla iliyomtangulia wala kumfuata, alilia mwenyewe kadiri alivyotaka. Nikasema moyoni, unaona? Unaona, wewe mbishi?

Majina yakaanza kupita. Zikaja zile tarumbeta mbili, ya mbele inakwenda, ya nyuma inahema kama kawaida yake, na watu wakaanza kutafuta viatu vyao. Halafu ile ya mbele ikasimama. Haikuwahi kusimama katika filamu yoyote. Ikangoja mpaka ile yenye pumu ikaifikia, zikaenda pamoja hatua chache tu, ndogo, na zikaacha.

Watu wakainuka. Magoti yangu siku hizi hayataki, na nilidhani ningebaki pale kitini mpaka wafagiaji waje. Nikashika kiti cha mbele. Nikainuka.